Mgeni wa Mwenyekiti

Mwaka chuo cha wanyama kilipofurika wanafunzi, Sange alikosa chumba, na rafiki yake Pimbi akampa nusu ya kitanda chake bwenini. Pimbi alipogombea uenyekiti wa bweni, Sange alimwombea kura mlango kwa mlango hadi akashinda.

Wiki haijaisha, Kiboko, mlezi wa bweni, akaagiza kila chumba kimtaje anayelala humo bila kibali.

“Nikimficha wangu, nitawaambia nini wengine?” akawaza Pimbi. Akaandika jina la Sange. Wengine wote wakawaficha wageni wao.

Sange akafukuzwa peke yake. Pimbi akambebea begi hadi getini, machozi yakimlengalenga.

“Nisamehe, ndugu yangu.”

Sange akalipokea begi. “Rudi ndani, mheshimiwa. Wapiga kura wako wasikuone unalia.”