Neno la Mtu wa Juu ya Paa

"Hebu rudia hilo la mkia," alisema Bi Nadine, hedifoni zimembana mvi zake.

Harlan Setzer alicheka, akatupa ganda la karanga za kuchemsha nje ya baraza. "Gari likilegea, Bi Nadine, mkia unataka kukipita kichwa. Likikaza, unakata kona, pua inagoma. Mbona rahisi?"

"Rahisi kwako uliyezeekea uwanjani. Mimi Jumapili zangu zote nilikuwa kanisani."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma. Miaka yote mwanawe Travis alipokuwa akishindana katika mbio za magari kwa gari lake namba 62, mama huyu hakukanyaga uwanja hata mara moja. Aliuita upuuzi wa wanaume wanaozunguka bila kufika, na kusema hivyo hapa Carolina, wanakozipenda mbio hizo kupindukia, ni kujitafutia maadui. Sasa alitaka jambo moja tu: kuelewa mwanawe anasema nini katika rekodi ya redio ya mbio zake za mwisho, za Mei, na anajibiwa nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kila alasiri kwenye baraza la jirani yake Harlan, ambaye tangu Mei hakuwa akienda tena uwanjani.

"Anasema limelegea," alinong'ona. "Kasema tena. Ana hofu, Harlan. Namjua mwanangu. Shika usikilize."

"Sikiliza tu wewe." Harlan alijimiminia chai ya barafu, nyingine ikamwagika mezani.

"Na 'peupe' ni nini?"

Harlan alifuta chai iliyomwagika mezani. "Hilo husemwa na mtu wa juu ya paa la jukwaa. Dereva kafungwa kitini, ubavuni haoni kitu. Yule wa juu ndiye macho yake. Akisema peupe, maana yake hakuna gari pembeni, shuka ushike njia ya ndani."

"Dereva haangalii kwanza?"

"Haangalii. Anaamini."

"Na yule wa juu akikosea?"

"Barafu yako inayeyuka, Bi Nadine."

Hakuigusa glasi. Alirudisha rekodi nyuma kidogo, akavua hedifoni, akachomoa waya. Baraza zima likajaa muungurumo, na ndani yake sauti ya Travis ikiuliza kama anaweza kushuka.

Aliyemjibu humo redioni, kwa utulivu, alikuwa Harlan: "Peupe, kijana wangu. Peupe."

Kikafuata kishindo cha vyuma, na baada ya hapo Travis hakusema tena neno lolote.