Fundo kwenye Fimbo Nyeupe

Zamda alihisi fundo alipokuwa akipanda basi na mumewe, Sefu. Kitanzi cha fimbo yake nyeupe kilikuwa kimepunguzwa kwa fundo hilo, kikambana mkononi, naye akadhani ni kazi ya fundi. Jana Sefu aliichukua fimbo akisema anaipeleka kutengenezwa, akamwacha nyumbani kutwa nzima.

Katika mji ule, anayemsindikiza asiyeona halipi nauli. Kondakta alipowafikia, Sefu alisema kama siku zote, "Niko naye huyu."

Kondakta akacheka. "Kaka, kumbe unao wawili? Yule wa jana yuko wapi, yule dada mwembamba wa miwani nyeusi?"

"Umenifananisha."

"Nikufananishe vipi? Fimbo si hii hii, yenye utepe mwekundu?"

Utepe ule Zamda aliushona mwenyewe, kwa kupapasa, ili watu waijue fimbo yake hata ikipotea. Alingoja Sefu aseme neno. Sefu akamwekea mkono begani, kwa upole ule ule wa kila siku, akaanza kulalamikia joto.

Zamda akautoa ule mkono.

"Kondakta," alisema, "mimi nasafiri peke yangu."

"Zamda!" Sefu alinong'ona. "Watu wanatusikia."

Zamda alikuwa ameinamia fimbo, akilichokoa lile fundo kwa kucha. Lilikuwa limekazwa hasa, kama limefungwa na mtu ambaye hakutarajia kuirudisha.