Tairi Zima

"Tairi limepasuka!" dereva alipiga kelele redioni, na papo hapo gari lake la mashindano likazunguka katikati ya njia. Bendera ya njano ikapepea, mbio zikapunguzwa mwendo, na gari la timu kubwa, lililokuwa la pili kwa mbali, likapata nafasi ya kumfikia kinara.

Gari lililozunguka lilipoingia kubadilishwa tairi, Delmer, mwenye timu yake ndogo, alipiga goti mwenyewe. Kiganja chake kilichobabuka kwa moto enzi za udereva wake hakihisi kitu tena, kwa hiyo alilikandamiza lile tairi kwa kiwiko, kwa uzito wake wote. Gumu kama jiwe.

Akainamia dirishani. "Limepasuka wapi, bwana mdogo?"

"Mzee, wale wa timu kubwa ndio wanaotuazima injini. Waliniambia nizunguke ili gari lao limfikie wa kwanza. Ningefanyaje?"

"Miaka ishirini nimeendesha mimi! Nimeungua humu, nimevunjika mbavu humu, na sijawahi kumchezea mtu mchezo mchafu! Halafu wewe unafanya hivyo kwenye gari lenye jina langu ubavuni?"

"Mzee, tutagombana baadaye. Tunapitwa!"

Delmer akapenyeza mkono dirishani, akauchomoa usukani kama madereva wanavyouchomoa wakimaliza kazi, akaubana kwapani.

"Sasa unaupeleka wapi?"

"Kwa wenyewe," alisema, tayari ameshika njia ya banda la timu kubwa. "Si ndio wanaoliendesha gari langu?"