Kila Baada ya Saa Tatu

Kengele ya kompyuta ililia, na Vumilia akaruka kutoka kwenye mkeka hata macho hayajafumbuka vizuri. Kwenye skrini, neno ni lilelile: Endelea? Akaandika neno la siri. Mkono wa chuma wa mashine ukainua kichupa kingine cha udongo uliotoka mashamba ya Mutaho.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya nne. Udongo huu ulitakiwa kupimwa siku tisa mfululizo, na kila baada ya saa tatu mashine ilisimama kumngoja. Ikingojeshwa sana, vichupa vyote vinaharibika. Vumilia alikuwa amefungwa humo maabarani, mjini Gitega, kama mbuzi kwenye kamba, na kamba yenyewe haikufika hata sokoni, seuze Gasorwe huko Muyinga, alikolala mama yake mgonjwa.

Zamani walifanya kazi watatu. Bonifasi na Layla waliachishwa siku moja, mwaka jana, mashine ilipoanza kuendeshwa na programu ya Python. Vumilia ndiye aliyeiandika, na sasa ndiye pekee aliyeielewa.

Simu ikaita. Ni Kastori, mdogo wake.

"Dada, mama anauliza umefika wapi."

"Mwambie niko njiani." Uongo ule ulimchoma.

Bosi wake, Ignasi, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

"Vumilia, mi sikukatazi. Niachie iyo mot de passe, wende umuone mama."

"Si neno la siri tu, bosi. Lazima mtu azisome namba kwanza, ajue kama ni salama kuendelea."

"Ayi, izo namba mi siziwezi," Ignasi akasema. Akamwekea chupa ya chai mezani, akatoka kwa huzuni.

Adhuhuri kengele ikalia tena. Kabla Vumilia hajagusa kibodi, Kastori akapiga. Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia.

"Dada," akasema, "usiharakishe tena."

Vumilia aliiweka simu chini. Endelea? skrini ikauliza. Akaifungua programu, akashuka taratibu hadi mstari mmoja mfupi, ule alioupachika kwa mkono wake wiki walipoondoka Bonifasi na Layla, ili naye asiachishwe: kila baada ya saa tatu, simama, mngoje Vumilia.

Akaufuta. Mashine ikainua kichupa kingine, na kingine, na kingine.