Wajane Wasiohesabiwa

Penye wengi huharibika neno. Makala arobaini mtandaoni zilitaja takwimu ileile: wajane sita kati ya kumi hunyang'anywa nyumba. Kwa siku tatu nilifuata rejea moja hadi nyingine, macho yakiwasha kama yametiwa pilipili. Zote ziliishia kwenye makala ya bosi wangu. Nayo ilinukuu mojawapo ya zile arobaini.

Nikaifuta takwimu kwenye ripoti yetu, nikampelekea bosi ofisini kwake.

"Profesa, ulihesabu wajane wangapi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, lenzi moja, kisha ya pili, kisha tena ya kwanza.

"Binti yangu, hiyo kila mtu anaijua."

"Wameijulia kwako."

"Irudishe, uniombe radhi. Ama uache funguo za ofisi."

Niliziweka juu ya kibodi yake.

"Radhi siombi."