Raba za Bi Zuwena

Mkuu wa mji alipanda ngazi za jukwaa akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. "Akina mama, mmenenepa mno! Tembeeni!"

Bi Zuwena, aliyeketi kati ya akina mama hao, akasonya. Mtu ngazi zinamshinda, ndiye wa kuwahubiria wenzake! Miguuni alivaa raba zilezile alizokuwa akizungukia kiwanja cha mtaa kila alfajiri, mpaka mkuu huyuhuyu alipokipangisha kwa wauza chipsi.

"Tutembee wapi, mheshimiwa? Juu ya makarai ya mafuta?"

Mkuu akajifanya hasikii, akaketi meza kuu kusubiri chakula chake cha mgeni rasmi.

Bi Zuwena akavua raba, akaenda meza kuu, akaziweka mezani mbele ya mkuu, na vumbi lake. Mhudumu alipoleta chipsi kuku, alibaki ameshikilia sahani, hajui aitue wapi.