Dawa Kwenye Ungo

Mwanahawa alirudi kutoka kisimani akamkuta shangazi yake, Bi Msimu, ameketi uani na ungo mapajani, akichambua dawa ya Kichina kama mtu anayechambua mchele.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Huyo Mchina wako kakuuzia takataka. Maganda ya machungwa, vijiti, magome! Kaka yangu anaumwa tumbo, sikubali anyweshwe uchafu."

Kwenye ungo vilibaki vipande vichache vyeupe, safi. Vingine vyote vilikuwa mchangani, kuku wakivichakura.

"Hayo maganda ndiyo dawa yenyewe! Chakula hakikai tumboni mwa Baba tangu Ijumaa, na Mchina kafunga duka, kaenda kwao!"

Aliwafukuza kuku, akapiga magoti. Alitaka kupiga kelele. Badala yake akaanza kuokota. Kila kijiti kilifanana na vibanzi vya kuni vilivyojaa uani.

"Mwanahawa," baba yake aliita kutoka ndani, "dawa haijachemka tu?"

Mwanahawa aliokota kwa haraka zaidi. Bi Msimu alikuja akachuchumaa kando yake, akaokota kipande cha gome, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga.

"Na hiki, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hiki ni dawa, au ni kuni?"